Rafu ya Vitu Vidogo Kwenye Ukuta Unaotoka Jasho: Kisa cha Useremala, Lamu

Kisa hiki ni cha kazi yangu mwenyewe. Jina la mteja, mtaa wake na kila alama ya kuitambulisha nyumba nimeviondoa, na yeye mwenyewe ameridhia niandike. Nakiandika kwa mafundi wenzangu wa pwani, na kwa yeyote anayetaka kuweka ukutani vitu vidogo vya wazee wake. Rafu ya kwanza niliyomtengenezea ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nayo ndiyo iliyomharibia mali yake ndani ya miezi minne.

Usuli

Mteja ni mwanamke wa makamo aliyerithi nyumba ya mawe ya bibi yake katika mji wa kale wa Lamu. Sandukuni mwa bibi mlikuwa na vikombe kumi na kimoja vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Mirashi miwili ya fedha, vyombo vya kunyunyizia marashi. Kidau cha wanja. Kauri thelathini hivi, yale makombe madogo ya baharini. Na sarafu 14 zilizofungwa pembeni mwa leso. Kati ya sarafu hizo mlikuwa na senti kumi zenye tundu katikati, heller za Wajerumani waliotawala Tanganyika, na pesa za shaba za Sultani Barghash wa Unguja zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Thamani yake sokoni haikumshughulisha. Alitaka zionekane.

Zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, zimo katika nyumba ile, ila ziko ndani kabisa, chumba ambacho mgeni hafiki, na lipu yake imechoka, ukiigusa inamwaga unga. Mteja alitaka rafu ya mbao kwenye msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, kwenye ukuta unaoukabili mlango, ili anayeingia aione kabla hajaketi. Tena alitaka mbao za jahazi. Babu yake alikuwa nahodha, na siku hizi mbao za majahazi yaliyovunjwa zinapendwa sana hapa kwa fremu za picha na vioo, kwa rangi yake iliyopauka na matundu ya misumari. Nilimkubalia bila kumuuliza swali hata moja, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza.

Kazi ya kwanza

Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, hewa kavu. Nilinunua mbao za jahazi, nikazing'oa misumari, nikazipiga randa upande mmoja tu ili upande wa mbele ubaki na sura yake ya kale. Nilitengeneza sanduku la upana wa sentimita 90, kimo 62, kina 11, lenye safu nne. Nyuma niligongomea plaiwudi pande zote nne. Mbele nikatia mlango wa kioo wenye ukanda wa raba kuzunguka, vumbi lisipenye. Safu ya chini, ya mirashi, niliitandika kitambaa chekundu cha sufu. Mbao zote nilizipaka vanishi mikono mitatu, na siku ya nne nikaipeleka, harufu ya vanishi bado haijaisha.

Kufunga ukutani nilitumia skrubu nne na fisha za plastiki, vile vishikio vya skrubu vinavyotanuka tunduni, kama ninavyofanya kwenye kuta za bloku. Nakumbuka vizuri namna keekee ilivyoingia. Tundu la kwanza lilitoa unga uliong'ang'ania kwenye ncha, umeshikana kama unga uliotiwa maji ya kukandia. La pili lilikwenda gumu, kisha ncha ikazama ghafla, kwa kuwa kuta zetu ni matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, na kati ya jiwe na jiwe mna ulaini. Nilijaza vibanzi vya mti, nikakaza skrubu, nikaweka pimamaji, ikakaa sawa. Ukuta ulinipa habari mbili siku ile, ya unyevu na ya ulaini, na zote mbili nilizipita.

Kilichotokea baada ya masika

Mvua zilianza Aprili na zikakolea Mei. Katikati ya Juni nikapigiwa simu: "Fundi, njoo uone mwenyewe. Mlango haufunguki."

Mbao zilikuwa zimevimba. Niliutekua mlango kwa patasi mpaka ukaachia, na kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa harufu ya siki. Mteja alirudi nyuma hatua moja. Plaiwudi ya nyuma ilikuwa imetuna kama kifua cha njiwa, ina madoa meusi ya ukungu. Kona ya kulia ya rafu ilikuwa imeshuka upana wa kidole, na fisha imetoka na lipu yake.

Vikombe vilikuwa salama, vinahitaji kuoshwa tu. Mirashi ilikuwa imepiga weusi. Kauri zilikuwa zimepoteza mng'ao, na zile za nyuma karibu na plaiwudi zilikuwa zimeota unga mweupe. Ukizishika unabaki vidoleni kama chumvi ya unga. Sarafu ndizo zilizoniuma zaidi. Kumi na moja nilizozisimamisha juu ya mbao zilikuwa na vidonda vya kijani kibichi, laini, vinavyomomonyoka ukivigusa kwa kijiti. Pesa moja ya Barghash ilikuwa imepoteza nusu ya maandishi yake. Lakini sarafu tatu ambazo mteja alizilaza kwenye kisahani kwa kukosa nafasi zilikuwa zimefifia tu, hazina kidonda. Kisanduku ni kile kile, hewa ni ile ile. Niliondoka na swali hilo kichwani, na ndilo lililonifungua macho.

Kutafuta chanzo

Sikutaka kubahatisha tena, nikafanya mambo matatu.

Kwanza nilimwita mwashi mzee anayezijua nyumba hizi. Alipiga ukuta kwa ngumi, akauliza upande wa pili kuna nini. Kulikuwa na choo, na ndani yake birika la maji, birika la kale lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Isitoshe, sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa imepakwa saruji na fundi fulani miaka ya nyuma. Mzee akaniambia: "Mwanangu, ukuta wa chokaa hupumua. Hapa tini mumeuziba pua kwa simiti, basi maji yapanda yuu kutafuta pa kutokea. Na yuu nako umeuziba wewe kwa kabati lako."

Pili, nilibandika kipande cha nailoni angavu, futi moja kwa moja, kwa gundi ya karatasi pande zote, kwenye ukuta ule, na kingine kwenye ukuta wa kushoto usiopakana na choo. Baada ya siku mbili, nailoni ya kwanza ilikuwa na matone kwa ndani, upande unaogusa ukuta. Ya pili ilikuwa kavu. Matone yangekuwa kwa nje, lawama ingekuwa ya hewa ya chumba; yakiwa kwa ndani, ni ukuta unaotoka jasho. Jaribio hili halina gharama. Ningelifanya Februari, hata kwenye ukame ule, lingenipa walau fununu.

Tatu, nilichukua konzi mbili za takataka za randa za mbao zile za jahazi, nikaziloweka usiku kucha kwenye maji ya mvua, nikachuja, nikayachemsha yale maji kwenye kisufuria mpaka yakakauka. Kisufuria kilibaki na ukoko mweupe. Niliugusa kwa ulimi. Ilikuwa chumvi.

Maamuzi ya kazi ya pili, na sababu zake

Uamuzi mgumu ulikuwa wa mbao, kwa kuwa haukuwa wa ufundi peke yake. Mteja alizitaka zile kwa ajili ya babu yake, na kumwambia ziondoke ilikuwa kama kumwondolea babu ukutani. Tulikubaliana hivi: ubao mmoja mrefu wa jahazi, mzuri kuliko wote, utundikwe peke yake juu ya rafu, mbali nayo sentimita 20, bila kugusa chochote. Rafu yenyewe niitengeneze kwa mbambakofi, mti ambao wazee waliutumia kwa milango ya nakshi, haupindi ovyo na dumuzi hawaupendi. Mwembe ungekuwa rahisi kwa bei, lakini dumuzi humaliza sehemu yake nyeupe upesi, na sikutaka kurudi tena nyumba ile kwa aibu.

Ukuta tulihama. Rafu ilikwenda ukuta wa kushoto. Mgeni haioni anapoingia, anaiona akishaketi, na mteja alinung'unika kidogo kisha akakubali.

Kioo tuliacha, na nyuma tuliacha wazi. Sababu ni kwamba unyevu wa Lamu huwezi kuuzuia kwa raba. Unaingia polepole na unashindwa kutoka, pamoja na mvuke wa mbao, gundi na vanishi. Kisanduku kisichopitisha hewa kinafaa jumba la makumbusho lenye mashine za kukausha hewa. Kwa nyumba isiyo nazo, bora hewa ipite.

Safu nne nilizipa vimo tofauti: sentimita 7 kwa kauri na wanja, 9 kwa vikombe, 12 kwa vilivyobaki, na 28 chini kwa mirashi. Mbao za kulala zina unene wa milimita 10 na zinaingia kwenye mifuo ya kina cha milimita 4 iliyochongwa kwenye mbao za pembeni. Hazikugongomewa. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausogei, kwa hiyo nilitia gundi ya mti sehemu ya mbele tu ya kila mfuo, na nyuma nikaacha ubao ujinyooshe unavyotaka. Mbele ya kila safu nilibandika ukingo wa milimita 4, kitu kisiteleze.

Kwenye kutundika ndipo nilipotumia muda mwingi. Fisha niliziacha kabisa. Nilitoboa matundu mawili ya milimita 22, kina sentimita 10, yameinama kidogo kwenda ndani. Niliyapuliza vumbi, nikayalowesha kwa maji, nikajaza chokaa na mchanga mwembamba, nikapigilia vigingi vya mbambakofi. Wazee walitumia vigingi vya mti ukutani kutundikia mazulia na nguo, kwa hiyo ukuta huu hausikii jambo geni. Kisha nikaondoka kwa wiki mbili na nusu. Chokaa haishiki kama saruji. Hukauka kwa kuvuta hewa, na ukiibebesha mzigo mapema unaivunja.

Juu ya vigingi nilifunga papi, ubao mwembamba mrefu, iliyokatwa mshazari wa digrii 45, na nyuma ya rafu papi nyingine ya mshazari wa kuikalia ile, zikapandana. Rafu haina skrubu hata moja inayoingia ukutani, na ukitaka kuishusha unainyanyua tu kwa mikono miwili. Chini niliweka vibao viwili vya kuisukuma mbele, hivyo nyuma kuna upenyo wa milimita 25. Skrubu zote ni za chuma kisichoshika kutu, nilizozipata kwa mafundi wa boti. Rafu tupu ina kilo 7 hivi.

Rangi ya kumalizia: mkono mmoja mwembamba wa mafuta ya kitani, halafu nta ya nyuki. Hapa nilikubali upungufu nikijua. Mafuta ya kitani nayo hutoa mvuke wa asidi yanapokauka. Nikaiacha rafu karakanani wiki nne, mahali pa upepo, na sikuipeleka mpaka nilipoweka pua ndani ya kila kijumba nikakosa harufu.

Sarafu hatukuzisugua. Mteja alishakata ndimu, kama bibi yake alivyokuwa akisafisha shaba, nikamwomba aiweke. Ndimu na ukwaju hung'arisha kwa kula, na sarafu iliyokwisha kuliwa haina cha kutoa. Tuliziloweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na asidi yanayouzwa ya kuongezea betri za magari, tukibadilisha kila siku kwa wiki tatu, kisha tukazikausha kivulini.

Matokeo

Ninaandika baada ya masika mawili kupita. Vigingi havijatikisika. Mbao zilivimba na kusinyaa ndani ya mifuo yake, hakuna iliyopasuka. Ukungu haujaonekana. Kauri hazikupata unga mpya, ingawa mng'ao uliopotea haurudi.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Ukingo wa milimita 4 ulikuwa mfupi mno. Watoto walipokimbia msana wa yuu, boriti zilitikisika na ukuta nao, na kikombe kimoja kikatembea mpaka kikaanguka na kuvunjika. Nilirudi nikaweka ukingo wa milimita 9 safu ya vikombe. Mijusi kafiri nao hupita juu ya rafu usiku na kuacha choo chao kwenye vikombe, jambo ambalo kioo kingelizuia. Mteja anafuta vumbi kila Ijumaa asubuhi na halalamiki, lakini ni kazi niliyomwongezea.

Na sarafu mbili ziliota kijani tena baada ya miezi mitano. Kwa hiyo zote 14 tulizishusha. Sasa ziko kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya jeli ya silika vya kunyonya unyevu, na rafuni mna picha yake tu. Hilo nalihesabu kuwa ni kushindwa, maana sarafu ndizo alizotaka zionekane.

Uchambuzi

Ilikuwa rahisi kusema "unyevu" na kufunga mjadala. Unyevu ulikuwepo, lakini kila kitu kiliharibika kwa njia yake, na kisahani kile ndicho kilichonitenganishia njia hizo.

Sarafu ziliuawa na chumvi ya mbao. Ubao uliokaa baharini miaka mingi umenyonya chumvi mpaka kwenye moyo wake, na kukauka kwa nje hakuitoi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na Lamu kiwango hicho ni cha kila siku. Ubao ukawa unatoka jasho la chumvi chini ya shaba. Kloridi iliyomo ndani ya chumvi ikishaingia kwenye shaba hufanya kazi kwa mzunguko: inakula, inatoa unga wa kijani, inaanza tena, maadamu kuna unyevu na hewa. Wahifadhi wa vitu vya kale huyaita maradhi ya shaba. Sarafu za kwenye kisahani zilipumua hewa ile ile, ila hazikuigusa mbao. Ndiyo maana pia kuloweka hakukutosha: ili mzunguko ule usimame, hewa inatakiwa iwe kavu chini ya asilimia 40 hivi, na hiyo haipatikani kwenye msana wa Lamu bali ndani ya kopo.

Kauri ziliuawa na siki. Kauri ni chokaa tupu, na asidi ya siki inayotoka kwenye mbao, plaiwudi na gundi zake ikifungiwa pamoja na unyevu huigeuza chokaa kuwa chumvi nyeupe ya unga. Wakusanyaji wa Ulaya walilalamikia jambo hili zamani. Mwingereza mmoja, Byne, aliliandika mwaka 1899 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake, ingawa yeye hakukipata chanzo chenyewe. Kauri zilizokuwa karibu na plaiwudi ziliumia zaidi, na zile za mbele chini ya kioo zikaumia kidogo. Kwa hiyo hata ningetumia mbao safi ya mbambakofi ile mara ya kwanza, kwa kioo kile na plaiwudi ile, kauri zingekwenda vile vile.

Mirashi ilipigwa na sufu na raba. Vyote viwili hutoa salfa, na salfa ndiyo inayoipaka fedha weusi. Hili lilikuwa dogo na lilisafishika.

Kuanguka kwa kona ni jambo jingine kabisa. Fisha hushika kwa kutanuka ndani ya kitu kigumu, na matumbawe na chokaa yakilowa hayana ugumu huo. Kigingi kilichokaa kwenye chokaa kinakuwa sehemu ya ukuta, kinalowa nao na kukauka nao.

Msimu nao ulinipotosha. Februari mbao iko katika wembamba wake wa mwisho; ukikata mlango ukabana vizuri mwezi huo, umeukata kwa ajili ya kukwama Juni. Siku hizi mlango wowote ninaoutengeneza kwenye kaskazi nauachia nafasi ya unene wa shilingi pande zote, na mteja akiuliza mbona umelegea namwambia asubiri mvua.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka nilipokwisha. Kidaka cha ukutani, kile ambacho wazee walikijenga kwa kuwekea vyombo vya kaure, yaani sahani na bakuli za udongo mweupe unaong'aa, kimetengenezwa kwa chokaa pande zote. Chokaa hunywa asidi na kuizima, hunywa unyevu na kuutoa, na hakina kioo. Kwa kauri na kaure, hakuna rafu niliyowahi kutengeneza iliyo bora kuliko hicho. Nilimweleza mteja, na mwezi uliopita yule mwashi mzee alianza kutengeneza lipu ya zidaka mbili za chini kule ndani. Kauri zitahamia huko lipu ikikauka. Rafu itabaki na vikombe, mirashi na kidau cha wanja, na ile safu ya juu ya sentimita 7 mteja bado hajaamua aweke nini.